Kabla hamjatandika kapeti la nyasi bandia chuoni kwa ajili ya bendi, someni hii

Tangu zile picha za bendi yetu ikipiga gwaride juu ya nyasi bandia zianze kuzunguka kwenye magrupu ya wasap, simu yangu haipumziki. Walezi wa bendi wa shule za Lindi, wa Masasi, kuna hadi kaka mmoja wa Tunduru, wote swali lao moja: mlipataje, na sisi tupite wapi. Nikaona kujibu mmoja mmoja sitamaliza, bora niandike yote hapa, mwenye kusoma asome, mwenye kubisha abishe.

Jibu langu la kwanza huwa linawaudhi watu ila silibadilishi. Msiguse uwanja wa zege. Kama chuoni kwenu kuna uwanja wa zege ambao watu wanachezea kikapu na pete, na mfadhili kaja anasema hapa tunatandika kapeti bendi ipate pa kufanyia mazoezi, mshukuruni, mpeni soda ya baridi, afu mwambieni kwa adabu kwamba hapo hapana, twende tukaangalie sehemu nyingine.

Kwetu ilianza hivyo hivyo. Chuo kipo hapa Mtwara mjini, jina tuliache, eneo la michezo lina viwanja viwili vimepakana. Kimoja cha zege, kikapu na pete. Cha pili mchanga mtupu ambao ni wa kila mtu, yaani wavu humo, sarakasi humo, wanaokimbia alfajiri humo, mikutano ya serikali ya wanafunzi, mahema ya mahafali, jioni watoto wa walimu na vibaiskeli vyao, na sisi bendi tunabanana katikati yao na matarumbeta. Mfadhili wetu alisoma hapa zamani, mtu mwenye roho nzuri kweli, na alilenga zege moja kwa moja. Fundi wake naye akashadadia. Mi nawaelewa, maana zege tayari liko bapa, hakuna kuchimba, hakuna kushindilia, unafungua roli la kapeti, unagundisha, umemaliza, na bei inashuka sana. Nyie pia mtaletewa hoja hiyo hiyo, jiandaeni.

Nahodha wa timu ya pete akanifuata nje ya ofisi, binti mpole hata darasani kumsikia kazi, akaniambia, "Mwalimu, nyie hata barabarani mnapiga bendi na watu wanafurahi. Sisi goli tunalipeleka wapi?" Sasa hapo unamjibu nini.

Na sio suala la huruma tu. Kikapu ni kudunda, na kapeti lenye mchanga ndani linakula mdundo wote, mpira unaufukuzia chini. Ukishatandika pale umeua kikapu, hakuna cha kusema watazoea. Pete hawadundi lakini wanasimama ghafla na kugeuka juu ya mguu mmoja, na kapeti refu linashika soli, goti ndo linalipa. Wanafunzi wanaotumia viti vya magurudumu, hapo kwenye zege wanapita wenyewe, kwenye kapeti refu wanasukumwa. Afu zege halinywi maji. Kama halina mwinuko wa kutosha, mvua za mwezi wa 1 zikija maji yanakaa chini ya kapeti, linaota ukungu na linanuka, na gundi inaanza kuachia pembeni.

Kwa hiyo sisi tuligombania kapeti liende kwenye mchanga, zege libaki na wenyewe. Ilichukua muda, mfadhili alinuna kidogo, ila mwisho akakubali maana tulimpelekea hesabu na sio malalamiko. Hizo hesabu ndo nataka kukaa nazo kidogo hapa, kwa sababu walezi wengi wanaoniandikia wanadhani bendi inahitaji kapeti wakati inachohitaji kwanza ni nafasi yenye alama.

Bendi za vyuo vya Marekani ndo zimetuharibu macho, tunaona video zao tunafikiri siri ni zile nyasi. Angalia tena. Wale wanapiga kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani ambao kila yadi 5 kuna mstari mweupe umekatiza uwanja mzima, na hatua yao ya kawaida ni hatua 8 ndani ya hizo yadi 5, yaani kama sentimita 57 kila hatua. Mtu wa tarumbeta haangalii mwenzake yuko wapi, anaangalia chini anajua niko hatua 2 kushoto kwa mstari. Ile michoro yao ya ajabu inatoka hapo. Waondolee mistari uwabakizie nyasi uone watakavyochanganyikana. Na wengi wao wanaotaka kapeti wanalitaka kwa sababu wanafanyia mazoezi kwenye lami ya maegesho ya magari, lami inachoma na inaumiza mifupa ya miguu mbele, hiyo ni hoja ya kweli kabisa. Ila mchanga wetu wa Mtwara haumuumizi mtu mifupa, unamchosha tu na kumpoteza hatua.

Sisi gwaride letu ni la kijeshi, hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimita 75 hivi. Sasa piga hesabu. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28, hizo ni hatua 37, yaani kila baada ya sekunde 19 hivi lazima upige nyuma geuka. Wimbo wenyewe haujafika kiitikio umeshageuka mara mbili! Uwanja wetu wa mchanga ni mita 40 kwa 30, unapata hatua 53, sekunde 27 hivi, bado kidogo lakini watu wanapumua. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 unakupa hatua 140, sekunde 70 nzima unatembea. Kwa hesabu hiyo tu uwanja wa zege haukuwahi kuwa wa bendi, hata ungewekewa kapeti la dhahabu.

Kingine watu hawafikirii ni sauti. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na kwenye mwendo wa hatua 120 kila hatua ni nusu sekunde. Mtu aliye mita 40 kutoka kwenye dramu anaisikia imechelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, karibu robo ya hatua. Kwenye uwanja wa mpira, mita 100, imechelewa zaidi ya nusu ya hatua! Ndo maana bendi ikisambaa nyuma wanaonekana kama wamelewa, sio kwamba hawajui, wanafuata masikio badala ya kufuata mkono wa kiongozi. Hii haitibiwi na uwanja wa aina yoyote, inatibiwa na kuweka dramu katikati na kuwafundisha watu kuangalia mbele.

Alama tulianza nazo kabla kapeti halijafika hata bandarini. Chukua kamba ya katani, funga fundo kila sentimita 75, una rula ya gwaride. Afu weka alama kila mita 3 pande zote mbili, kwa sababu mita 3 ni hatua 4 kamili na nyimbo zetu nyingi zinakwenda kwa nne nne. Chokaa kwenye mchanga upepo wa kusi unaifagia siku hiyo hiyo, kwa hiyo sisi tulitumia misumari mirefu na vifuniko vya chupa za maji, msumari unapita katikati ya kifuniko unazama chini, kifuniko kinabaki juu kinaonekana, na cha bluu ni mstari wa kati. Kabla wa wavu hawajaingia mnaving'oa, hiyo msisahau, watoto wanacheza peku. Kwenye zege tuliomba ruhusa tukapaka vitone vidogo vya rangi ya barabara, rangi tofauti na mistari ya kikapu, hakuna aliyelalamika. Gharama yake ni ya kuchangishana ofisini. Na bendi ilibadilika hapo, kabla ya kapeti, mwenye macho aliona.

Haya, ratiba. Mtwara jua linazama kuanzia saa 12 hivi mwezi wa 6, mwezi wa 1 linasogea mpaka karibu saa 1 kasoro dakika 10. Vipindi vinaisha saa 10, mtu aende bwenini abadilishe nguo, ni saa 10 na nusu. Kwa hiyo chuo kizima kinataka uwanja mmoja kwa saa moja na nusu ile ile, na hapo hata utandike velveti ugomvi upo. Kaeni na serikali ya wanafunzi, mnaohusika na michezo wote, wavu, pete, kikapu, bendi, sarakasi, andikeni nani ana siku gani, mlezi na waziri wa michezo wasaini, ibandikwe ubaoni. Siku ambazo sio zenu msitoke hata na dramu moja ya kujaribu, maana uaminifu wa kugawana ukivunjika mara moja hata mkiwa mmeonewa hamtasikilizwa. Tuliacha siku moja kwa wiki haina mwenyewe, ya kila mtu, na hiyo ndo siku uwanja unapendeza kuliko zote.

Ramadhani ratiba inabadilika, na wafadhili wa mbali hawaelewi hili. Zaidi ya nusu ya vijana wangu wanafunga. Mtu aliyefunga umpulizishe tarumbeta saa 11 jioni kwenye joto hili? Mwezi huo tunafanya miguu tu, mwendo wa pole, polepole, dakika chache, afu wanaopuliza wanakutana darasani baada ya tarawehe siku ambazo kesho yake hakuna mtihani. Na mwaka mzima adhana ya magharibi ikilia tumeshafunga vyombo. Msikiti upo ukutani kabisa, tunaishi vizuri na majirani kwa sababu hiyo.

Sasa kapeti lenyewe, kwa wale ambao bado mpo na mimi na mna eneo linalofaa.

Jua kwanza kwamba hii kitu ilianza kupata jina kule Houston mwaka 1966, ndani ya uwanja uliofunikwa paa, kwa sababu nyasi za kweli zilikufa kwa kukosa jua. Sisi huku jua ndo tunalo la kugawa! Nyasi bandia zinachemka. Chuo Kikuu cha Brigham Young kule Marekani walipima 2002, siku yenye joto la hewa nyuzi 37 wakakuta juu ya kapeti imefika nyuzi 93, wakamwagia maji ikashuka, dakika chache tu baadaye ikaanza kupanda tena. Mtwara haifiki nyuzi 37 za hewa kirahisi, bahari inatusaidia, ila mwezi wa 10 na mwezi wa 2 jua linapita utosini kabisa, na nimeona mwenyewe soli ya raba ya bei rahisi ikilainika saa 8 mchana. Hivyo sheria yetu ni kwamba kabla ya saa 10 na nusu hakuna mtu kwenye kapeti, hata mgeni rasmi akisema ana haraka, na ndoo za maji ya kunywa zinakuwepo kabla ya vyombo. Pandeni miti pembeni pia, upande wa magharibi, jioni inatupa kivuli. Mwarobaini unastahimili, mkorosho mzuri lakini unadondosha mabibo, na bibo likipondwa kwenye nyasi bandia doa lake mtaishi nalo.

Aina ya kapeti. Haya ya viwanja vya mpira kama Karume pale Dar, Nyamagana Mwanza, Kaitaba Bukoba, ni ya kuchezea mpira, nyasi zake ndefu kwa kawaida milimita 40 mpaka 60, na mengi ya aina hiyo yanajazwa mchanga na chembe za mpira wa matairi. Bendi haihitaji hiyo kitu. Nyuma geuka juu ya nyasi ndefu na buti nzito ni kutegua vifundo vya watu. Ombeni fupi, milimita 20 mpaka 25, ya kujazwa mchanga tu. Fupi mguu hauzami, wavu wanacheza vizuri, kiti cha magurudumu kinapita, na joto lake afadhali kidogo kwa sababu hakuna yale matairi meusi. Zile chembe za mpira zina habari nyingine pia, Umoja wa Ulaya 2023 walipitisha kanuni ya plastiki ndogondogo na kuanzia Oktoba 2031 hazitaruhusiwa kuuzwa kule kwa ajili ya viwanja. Sasa nyie mkiletewa kapeti la mtumba bei ya kutupa na magunia ya chembe nyeusi, jiulizeni kwa nini mwenyewe analikimbia. Mvua ikipiga chembe zinakwenda mtaroni, mtaro unakwenda baharini, na bahari hii ndo inayotulisha changu na pweza.

Chini ya kapeti ndo kuna pesa. Mafundi wengi watakuonesha sampuli nzuri za nyasi wakupotezee habari ya chini. Wakatalie. Sisi eneo la mita 40 kwa 30 lilichimbwa, likajazwa kokoto kwa matabaka, kila tabaka linashindiliwa na rola, afu juu kokoto laini, afu kitambaa cha kuchuja. Kokoto ngumu hapa mjini sio za kuokota, chini kwetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, ngumu zenyewe unakwenda kuzifuata kwenye miamba ya upande wa Masasi ambako ni kama kilomita 200, na usafiri ndo unakula bajeti. Kuna aliyetushauri tuweke kifusi cha kawaida tu kwa vile kapeti litaficha. Kutandika kapeti juu ya kifusi kisichoshindiliwa ni kupaka rangi ukuta unaovuja, msimu mmoja tu mashimo yanaonekana.

Katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni. Mteremko wa asilimia 1, kwa upana wa mita 30 ina maana katikati panainuka sentimita 15, macho hayaoni wala gwaride halihisi, ila maji yanajua pa kwenda. Mvua moja kubwa ya milimita 30 kwenye eneo kama letu ni lita 36,000, lazima muwe na mtaro pembeni, na mtaro uishie sehemu, sio uishie ukutani kwa jirani.

Msimu. Kazi ifanyike kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10, kiangazi, mvua zetu ni za kipindi kimoja, zikianza Novemba au Desemba zinakwenda mpaka Aprili au Mei. Gundi ya maungio inataka pakavu. Na msisubiri mzigo utoke Dar mwezi wa 4 au wa 5, mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara pale Somanga, magari yalilala kule. Kitu kingine, msimu wa korosho ukianza Oktoba malori yote yanakimbilia korosho, mtalipia usafiri kwa bei ya kilio.

Maungio. Roli nyingi zina upana wa mita 4. Uwanja wetu ulikula roli 10 za mita 30, kwa hiyo maungio 9, jumla mita 270 za kuunganisha. Kapeti huwa halichaniki katikati, linaachia kwenye maungio, na bendi inapita pale pale kila siku kwa hatua zile zile. Simameni na mafundi siku ya gundi. Pitisheni mguu kila muungio, piga teke kidogo, ukishika kidole mwambie arudie kabla hajalipwa. Tuliomba pia roli zilazwe kukatiza mwelekeo wa gwaride, hivyo maungio yenyewe yamekuwa mistari kila mita 4, kwa mazoea ya jicho inasaidia.

Mchanga wa kujazia, kama kilo 20 kwa mita ya mraba, kwetu ilikuwa kama tani 24. Mtashawishika kuchota wa ufukweni maana upo bure pale chini. Acheni, una chumvi na vipande vya kombe, unakata nyuzi na ukikauka unagandamana. Nunueni uliooshwa na kuchekechwa.

Kabla ya yote hayo zikeni mabomba ya kusimamishia nguzo za wavu, yawe na vifuniko, ili nguzo zinachomolewa bendi ikiingia. Hilo liliwatuliza watu wa wavu kuliko hotuba zote. Mahema ya mahafali yakatazwe kabisa, kwa sababu ya vigingi. Mtu wa mahema hajali, anapigilia chuma popote. Majiko ya mkaa, wauza mihogo ya kukaanga, gari la muziki, vyote nje ya kingo, na muandike kwenye bango kubwa maana mdomo hautoshi. Buti zenye chuma kisiginoni pia marufuku.

Na hapo kwenye buti kuna kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla, nawaambia nyie. Kapeti linameza kishindo. Gwaride letu sisi linajisahihisha kwa sikio, mguu wa kushoto ukipiga chini kwa pamoja unasikia, ukitawanyika unasikia. Juu ya nyasi bandia kimya, vijana wapya wanaanza kupotea taratibu na wewe hujui mpaka uone. Tumelazimika kila wiki kuwa na zoezi moja barabarani, njia ya kutoka getini mpaka jengo la utawala, kwenye lami, ili masikio yasilale. Zaidi ya hapo, shughuli zenyewe hazifanyiki kwenye kapeti. Mei Mosi ni uwanja wa Nangwanda hapa mjini, Nane Nane ni viwanja vya Ngongo Lindi kwenye vumbi, na Mwenge ulipozinduliwa hapa kwetu 2023 kila aliyekuwa na tarumbeta mkoa huu alitamani kuwepo, hakuna aliyeuliza chini kuna nini. Bendi iliyolelewa kwenye kapeti tupu ikifika Ngongo inatembea kama inaogopa kuchafuka.

Ukoka nao tuuzungumzie, maana wengi wenu mna ardhi kubwa kuliko sisi na pesa kidogo. Ukoka wa kawaida unatambaa wenyewe, ukikatwa unarudi, na kama mpo karibu na bahari na maji ya kisima yana chumvi, kuna paspalum inayovumilia chumvi, mafundi wa bustani wanaijua. Tatizo maji. Kiangazi nyasi zinataka kama milimita 5 kwa siku, kwa eneo kama letu ni lita 6,000 kila siku, kwa uwanja mzima wa mpira ni zaidi ya lita 35,000. Nyasi pia zinataka kupumzika, na uwanja unaokanyagwa na chuo kizima kila jioni haupumziki, katikati patakuwa na upara kabla ya Desemba. Mi kwa shule yenye uwanja mkubwa, kisima chake na bendi inayoingia mara mbili kwa wiki, ningepanda ukoka bila kufikiria mara mbili, na hela ya kapeti ningenunua tuba na dramu za pembeni. Kwa eneo dogo la kugombaniwa kila siku kama letu, kapeti fupi limefaa.

Mkifika kwenye mkataba, bei muulize kwa mita ya mraba ikiwa imeshawekwa, chini mpaka juu, sio bei ya roli. Dhamana iandikwe miaka na iandikwe ni ya nini, nyuzi peke yake au na maungio. Makapeti haya kwa kawaida yanaishi miaka 8 mpaka 12 hivi yakitunzwa, kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza chuo kitenge kidogo kidogo, vinginevyo mfadhili akishaondoka mtabaki na tambara la kijani. Brashi ngumu ya kuinua nyasi, mara moja kwa wiki, wapewe bendi wenyewe iwe sehemu ya zoezi. Ufunguo wa geti usikae kwa mlezi wa bendi, ukae kwa ofisi ya michezo, mtaepuka maneno mengi.

Afu mabaki ya roli na gundi iliyobaki msikubali fundi aondoke navyo, andikeni kabisa kwamba ni mali ya chuo. Yahifadhini yakiwa yamekunjwa roli, sio yamekunjwa kama shuka, stoo kavu, juu ya mbao, na mtafute paka, panya wa Mtwara wanapenda sana kulala humo.